Barua ya Wazi Kuhusu Ratiba za Ndege za Kisumu na Safari Zinazounganishwa Nairobi

KWA: Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA), mashirika ya ndege yanayohudumu katika Uwanja wa Kimataifa wa Kisumu, mawakala wa tiketi wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori

NAKALA: Mamlaka ya Ushindani ya Kenya

MINTARAFU: MABADILIKO YA RATIBA YANAYOVUNJA SAFARI ZA KUUNGANISHA

Ndege ya Kisumu kwenda Nairobi hukaa angani chini ya saa moja. Kwa anayekwenda Nairobi kikazi na kurudi jioni, ratiba yake ikisogea kwa saa mbili ni usumbufu tu. Kwa anayeendelea Amsterdam, Doha au New York, saa hizo mbili zinaweza kumfikisha Uwanja wa Jomo Kenyatta wakati kaunta imeshafungwa, au kumweka kwenye viti vya uwanja tangu asubuhi hadi usiku wa manane. Barua hii inamhusu abiria huyo wa pili: yanayompata ratiba inapobadilishwa baada ya kulipa, anayestahili kubeba gharama hiyo, na yale ambayo Mamlaka, mashirika na mawakala wanaweza kuyarekebisha.

Mabadiliko ya ratiba si kuchelewa. Ndege huchelewa siku ile ile ya safari: mvua ya radi ya alasiri imetanda juu ya Ghuba ya Winam, au ndege yenyewe haijatoka Nairobi. Ratiba hubadilishwa ofisini, siku, wiki au miezi kabla, na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta. Muda wa kumtafuta abiria na kumpanga upya huwapo. Kwa hiyo shirika linaloweza kujitetea kwa mvua siku ya safari halina utetezi huo kwa ratiba iliyobadilishwa mwezi mmoja uliopita.

Sababu nyingi za mabadiliko hayo ni za kibiashara na hazina siri. Ndege moja huzunguka kutwa: asubuhi Kisumu, mchana Mombasa, jioni Kisumu tena. Safari mbili zikiwa na abiria wachache, hukunjwa zikawa moja, na wa safari iliyofutwa huhamishiwa ile iliyobaki. Embraer 190 ya Kenya Airways yenye viti 96 na Dash 8-400 ya Jambojet yenye viti 78 hazichukui idadi sawa ya abiria wala hazina mwendo mmoja, na shirika likibadili aina ya ndege kwenye njia, saa nazo hubadilika. Wakati mwingine tatizo liko mbali kabisa na ziwa. Mwaka 2025 baadhi ya ndege za Boeing 787 za Kenya Airways zilikaa chini kwa kukosa injini na vipuri, na safari ndefu zinapopunguzwa au kupangwa upya, abiria wa Kisumu hujikuta na safari fupi iliyopangwa kuiwahi ndege ambayo haiko tena saa ile.

Kuna sababu nyingine inayojirudia kila mwaka, na inashangaza kwamba bado huwakuta watu hawajajiandaa. Ratiba za ndege duniani hugawanywa misimu miwili inayobadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Siku hizo ndizo Ulaya inazosogeza saa zake. Kenya haisogezi. Amsterdam huwa nyuma ya Nairobi kwa saa mbili wakati wa baridi na kwa saa moja wakati wa kiangazi. Ndege inayotakiwa kutua Ulaya alfajiri ile ile mwaka mzima lazima iondoke Nairobi saa moja mapema zaidi kuanzia mwisho wa Machi. Iliyokuwa ikiondoka saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu sasa itaondoka saa tano na nusu usiku. Ni usiku ule ule, lakini tiketi iliyosomeka Jumatatu sasa inasomeka Jumapili. Aliyekata tiketi Januari kwa safari ya Aprili, na ndege ya Kisumu ikabaki palepale ilipokuwa, amepunguziwa saa nzima ya kuunganisha. Asipoangalia tarehe vizuri, atafika uwanjani siku moja baada ya ndege kuondoka.

Ndege kuwahishwa huumiza zaidi ya kucheleweshwa, na kwa watu wa pwani ya ziwa huumiza kwa namna ambayo aliye Nairobi haioni. Mfano ni abiria wa Mbita. Akitaka njia ya kukata ghuba, hupanda feri hadi Luanda Kotieno, kisha gari kupitia Ndori hadi uwanja wa ndege ulioko kando ya barabara ya Busia. Asipotaka feri, huzunguka kwa barabara kupitia Homa Bay, Kendu Bay na Ahero. Ndege ya saa nne asubuhi anaweza kuiwahi kwa kutoka nyumbani alfajiri. Ikihamishiwa saa moja na nusu asubuhi, hana budi kufika Kisumu jana yake na kulipia chumba. Kwenye mfumo wa shirika, badiliko hilo ni dogo, na pengine linaonekana kama fadhila kwa kuwa limemwongezea muda wa kupumzika Nairobi. Gharama ya chumba haionekani popote.

Habari za badiliko husafiri kwa njia inayofaa kufahamika, kwa sababu ndipo zinapopotelea. Buking inapofanywa kupitia wakala, huandikwa katika mifumo mikubwa ya tiketi kama Amadeus, Sabre au Galileo, na kupewa namba yenye herufi na tarakimu sita. Kila kipande cha safari hubeba alama ya hali yake. HK ina maana kwamba kiti kimethibitishwa. Shirika likibadilisha ratiba, kipande cha zamani hugeuka UN, yaani hakipo tena, na chini yake hutokea kipya chenye alama TK na saa mpya. Buking hiyo huingia kwenye foleni ya wakala na kungoja afungue, asome, apige simu. Mwenye ofisi ndogo Oginga Odinga Street ambaye siku nzima anauza tiketi za Nairobi na Mombasa anaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kuifikia. Ikitokea kwamba aliyekatisha tiketi ni ofisi ya ajira iliyoko nchi za Ghuba, kama ilivyo kwa wengi wanaokwenda Saudi Arabia au Qatar kufanya kazi za nyumbani, foleni hiyo haiko Kenya kabisa. Ujumbe wa simu hufika kwa mtu asiyesafiri.

Kasoro hiyo ina dawa iliyokwisha kuandikwa. Azimio 830d la shirikisho la mashirika ya ndege, IATA, linamtaka wakala amuulize kila abiria kama anaridhia simu au barua pepe yake ipelekwe kwa shirika, ili apate habari za mabadiliko moja kwa moja. Mawakala wengi huweka namba ya ofisi mahali pake. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu mteja hana barua pepe, na wapo wanaohofia kwamba shirika likishampata mteja halitamrudisha. Hofu hiyo inaeleweka, lakini anayelipia hofu ya wakala ni abiria.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililiamua jambo hili Mei 2017. Abiria mmoja alikuwa amekata tiketi ya Amsterdam hadi Paramaribo, Suriname, kwa wakala wa mtandaoni, asafiri tarehe 14 Novemba 2014. Shirika lilisogeza safari hadi siku iliyofuata na kumwarifu wakala tarehe 9 Oktoba, zaidi ya mwezi mmoja kabla. Wakala alimwarifu abiria tarehe 4 Novemba, siku kumi kabla ya safari. Shirika lilidai kwamba lilikuwa limetimiza wajibu wake. Mahakama ilikataa: kumwambia wakala si kumwambia abiria, na shirika ndilo linalobeba mzigo, hata kama baadaye litamdai wakala. Kisumu haiko chini ya mahakama hiyo. Lakini hoja yake haihitaji kuvuka bahari kwa meli ya Ulaya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu huduma aliyoinunua, na haki ya kufidiwa hasara.

Abiria akishapata habari, mtego wa pili ni kudhani kwamba buking na tiketi ni kitu kimoja. Buking ni nafasi. Tiketi ni hati ya malipo. Wakala akikubali saa mpya kwenye buking bila kuitoa tiketi upya, hati bado inataja safari ya zamani. Kwenye simu ya abiria kila kitu kinaonekana sawa. Kwenye kaunta, mhudumu anaona kiti kisicho na tiketi inayolingana nacho, na foleni nyuma inaanza kunung'unika. Badiliko likiwa la shirika, kutoa tiketi upya hakupaswi kumgharimu abiria chochote. Jambo la kumwomba wakala, kwa hiyo, ni risiti mpya ya safari inayoonyesha saa mpya pamoja na namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Kauli ya "nimeshabadilisha" haitoshi. Vivyo hivyo kitufe cha kukubali kinachokuja na arafa hakipaswi kubonyezwa mpaka safari yote imesomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, maana anayekubali huwa amejifungia mlango wa kudai safari nyingine au kurejeshewa nauli.

Yote hayo yanamhusu mwenye tiketi moja. Kila uwanja una muda wa chini kabisa unaohitajika kubadilisha ndege, na mifumo ya tiketi inaujua. Tiketi moja ya Kisumu–Nairobi–Amsterdam ikivunjwa na badiliko, mfumo hugutuka na shirika huwajibika kumtafutia abiria njia nyingine. Mwenye tiketi mbili hana mfumo unaomlinda. Alinunua ya Kisumu kwa shirika la bei nafuu, kwa M-Pesa, na ya kimataifa kwa shirika jingine, na akaokoa nauli. Shirika la kwanza likibadilisha saa, litatimiza ahadi yake kwa kumfikisha Nairobi, hata kama ni jioni. Shirika la pili litamhesabu kuwa hakutokea. Akiwa na tiketi ya kutua Uwanja wa Wilson, kuna safari ya tatu ambayo haimo kwenye hati yoyote: teksi ya kutoka Langata Road hadi Jomo Kenyatta, Embakasi, katika msongamano usio na ratiba. Kununua tiketi mbili si kosa, na mara nyingine ndiyo njia pekee iliyo ndani ya uwezo wa mtu. Kosa ni la anayeziuza kwa pamoja kana kwamba ni moja.

Ndipo linapokuja jambo linalowaponza watu wa Kisumu pengine kuliko jingine lolote. Abiria ana tiketi moja hadi Ulaya. Ndege ya Kisumu imesogezwa na saa mpya haimfai. Anafanya ambalo mtu yeyote mwenye busara angelifanya: anapanda basi la usiku, kilomita 350 hivi kupitia Kericho na Nakuru, na asubuhi yuko Nairobi na mabegi yake, mapema kuliko ndege. Jioni kaunta inamwambia hana safari. Mashirika mengi yana kanuni kwamba vipande vya tiketi hutumiwa kwa mpangilio. Kipande cha kwanza kikiachwa, vinavyofuata hufutwa vyenyewe, pamoja na vya kurudi. Njia ya kuepuka ni simu moja kabla ya ndege ya Kisumu kuondoka, kuomba kipande cha Kisumu kiondolewe na tiketi itolewe upya kuanzia Nairobi, na kwa kuwa aliyebadilisha ratiba ni shirika, kuna hoja nzuri ya kufanyiwa bila malipo. Lakini ni nani aliyewahi kuambiwa hivyo na arafa ya badiliko la ratiba?

Kisumu, kwa kweli, iliwahi kuwa mji ambao wengine ndio waliobadilishia ndege. Imperial Airways ilipoanza njia ya London hadi Mwanza mwishoni mwa Februari 1931, ndege zake za majini zilitua ziwani hapa. Njia ilipofikishwa Cape Town mwaka 1932, abiria walishuka Kisumu kutoka ndege ya majini na kupanda ya nchi kavu. Nauli ilijumlisha hoteli za kulala njiani, kwa kuwa ndege hazikuruka usiku, na safari nzima ilikuwa mkononi mwa kampuni moja. Ilikuwa ni anasa ya wachache, tena ya wakoloni, na hakuna wa kuililia. Lakini mkataba wake ulikuwa wazi kuliko tiketi mbili za leo zilizobanwa kwa pini.

Kuhusu sheria, Kenya si jangwa. Ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, ulioanza kutumika Novemba 2003. Kifungu cha 19 kinalifanya shirika liwajibike kwa hasara inayotokana na kuchelewa, isipokuwa likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote za busara. Kikomo cha fidia kwa kila abiria kimekuwa vizio 6,303 vya SDR vya Shirika la Fedha la Kimataifa tangu tarehe 28 Desemba 2024. Madai hufa yasipofikishwa mahakamani ndani ya miaka miwili. Jambo zuri kwa Kisumu ni kwamba Mkataba unahesabu vipande vinavyofuatana kuwa safari moja ya kimataifa, iwapo pande zote ziliichukulia hivyo. Safari fupi ya Kisumu–Nairobi ndani ya tiketi ya Amsterdam inalindwa nao. Ikinunuliwa peke yake, ni safari ya ndani. Hata hivyo Mkataba uliandikwa ukiwazia kuchelewa, na aliyearifiwa mapema kwamba ratiba imebadilika hapati mengi humo.

Wengine wamelijaza pengo hilo. Kanuni ya Ulaya nambari 261 ya 2004 huanza kudai fidia pale safari inapofutwa na abiria kuarifiwa chini ya siku 14 kabla. Na Desemba 2021 mahakama ile ile ya Ulaya ilisema kwamba ndege iliyowahishwa kwa zaidi ya saa moja ihesabiwe kuwa imefutwa. Kanuni hiyo inamgusa mtu wa Kisumu kwa nusu: anaporudi kutoka Amsterdam inamlinda kwa shirika lolote, lakini anapokwenda inamlinda tu akiwa na shirika la Ulaya. Marekani nayo, kwa kanuni iliyotangazwa 2024, inamrejeshea nauli abiria anayekataa badiliko la kimataifa linalofika saa sita, au linaloongeza idadi ya kubadilisha ndege, au linalomhamishia uwanja mwingine. Hili la uwanja lingefaa sana kwa mji wenye Wilson na Jomo Kenyatta.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga, basi, inaombwa iweke kipimo cha Kenya. Badiliko la zaidi ya saa moja kwa kuwahisha, au la zaidi ya saa mbili kwa kuchelewesha, au lolote linalovunja muunganisho ulio kwenye tiketi moja, limpe abiria uchaguzi kati ya kupangiwa safari nyingine bila nyongeza na kurejeshewa fedha taslimu. Vocha ipewe anayeitaka. Ndege ikiwahishwa kiasi cha kumlazimu abiria alale Kisumu, na taarifa ikamfikia chini ya siku 14 kabla, chumba kiwe juu ya shirika. Siku hizo zihesabiwe kuanzia abiria alipoarifiwa. Inaombwa pia ichapishe kila msimu idadi ya safari za Kisumu zilizobadilishwa ndani ya siku 14 za mwisho, kwa kila shirika. Takwimu hizo mashirika yanazo.

Mashirika yanaombwa kurekebisha arafa zao. Arafa ya sasa mara nyingi hutaja namba ya ndege na saa mpya, kwa Kiingereza, basi. Inayofaa ingetaja saa ya zamani na mpya kwa Kiswahili kinachosema asubuhi au usiku, itaje siku ya wiki pamoja na tarehe, ionye pale muunganisho unapobana, na iseme waziwazi kwamba kipande cha Kisumu kikiachwa bila kutoa habari, safari iliyobaki itafutwa. Abiria anayeomba kuanzia Nairobi kwa sababu ya badiliko hilo afanyiwe bila ada, kwa simu au kwenye kaunta ya Kisumu yenyewe.

Mawakala wanaombwa mambo mepesi zaidi: namba ya abiria iwekwe kwenye kila buking, foleni ya mabadiliko ifunguliwe kila asubuhi kabla ya mauzo kuanza, na buking zenye muunganisho zipitiwe upya zote katika wiki ya kwanza ya Machi na ya kwanza ya Oktoba. Anayeuza tiketi mbili aandike juu ya risiti, kwa maneno ya kawaida, kwamba ni mikataba miwili na kwamba ya kwanza ikibadilika ya pili haitamngoja mtu. Na ampangie mteja huyo kufika Nairobi jana yake, au walau kwa ndege ya asubuhi kwa safari ya usiku. Ndege ya mwisho ya jioni kutoka Kisumu, katika miezi ya mvua, si ya kuunganishia chochote.

Abiria ambaye hayo yote hayakumsaidia ana pa kwenda. Barua ya malalamiko huanzia kwa shirika, ikiwa na risiti ya awali, arafa ya badiliko na stakabadhi za chumba, feri na teksi. Isipojibiwa hupelekwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa Mamlaka ya Ushindani kama aliuziwa tiketi mbili akiambiwa ni moja. Kwa hasara isiyozidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya 2016 husikiliza kesi bila kumlazimu mtu kuweka wakili.